William Carey na Chuo cha Serampore

Wako watu wajengao nyumba wasiyokaa ndani yake. Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za mmoja wao, William Carey, mshona viatu wa Uingereza. Yeye mwenyewe hakusoma chuoni kamwe, lakini alianzisha pamoja na wenzake chuo kilicho hai hata leo katika Bara Hindi.

Carey alizaliwa mwaka 1761 katika kijiji cha Paulerspury. Baba yake alikuwa mfuma nguo, kisha akawa mwalimu wa shule ya kijiji. Kijana akatiwa katika kazi ya viatu, na huku akishona akajifundisha Kilatini, Kiyunani na Kiebrania. Baadaye akawa mchungaji wa Wabaptisti, na moyo wake ukazidi kuyafikiri mataifa yasiyosikia Injili. Mwaka 1792 yeye na wenzake wakaunda chama cha misioni, na mwaka 1793 akasafiri kwenda Bengal pamoja na mkewe Dorothy na watoto wao.

Huko alipokewa na taabu. Kampani ya biashara ya Waingereza iliyoitawala nchi haikutaka wamisionari. Mwaka 1794 mtoto wake Peter akafa, naye Dorothy akapatwa na ugonjwa wa akili uliomshika mpaka alipokufa mwaka 1807. Haifai kuisifu kazi ya Carey na kumsahau mama huyu. Hapo kwanza alikataa kuondoka kwao, na safari ile ilimgharimu sana.

Mwaka 1800 Carey akahamia Serampore, mji mdogo kando ya mto Hooghly, karibu na Calcutta. Mji ule ulikuwa chini ya mfalme wa Denmark, na liwali wake, Ole Bie, akawapa wamisionari ulinzi wasioupata kwa Waingereza wenzao. Sisi Walutheri na tulikumbuke jambo hili, ya kuwa Wabaptisti hao walipata kimbilio chini ya bendera ya ufalme wa Kilutheri. Hapo Carey akafanya kazi pamoja na Joshua Marshman, mwalimu, na William Ward, mpiga chapa. Mwaka 1801 Agano Jipya likatoka kwa Kibengali. Mwezi wa Machi 1812 moto ukaiteketeza nyumba ya kupigia chapa, na maandiko mengi yaliyotafsiriwa kwa taabu yakawa majivu. Carey akaketi tena mezani, akaanza upya.

Lakini waliona ya kuwa vitabu peke yake havitoshi. Wageni walikuwa wachache, wengine walikufa upesi, wala hawakuijua nchi kama wenyeji wake. Ilipasa Wahindi wenyewe wawe walimu wa Wahindi. Basi mwaka 1818 wakafungua Chuo cha Serampore, chenye wanafunzi 37. Wakristo walipokewa, na wasio Wakristo vile vile. Wakafundishwa elimu ya nchi yao pamoja na elimu ya Ulaya.

Jambo hili halikuwapendeza wote. Wengine waliona ya kuwa fedha zilizotolewa kwa ajili ya Injili zisitumike kwa kufundisha habari za nyota na hesabu. Tena palikuwa na ugomvi mrefu juu ya mali na mamlaka, hata mwaka 1827 ndugu wa Serampore wakatengana na chama kile ambacho Carey mwenyewe alisaidia kukiunda. Lakini mwaka huo huo, tarehe 23 Februari, Mfalme Frederick wa Sita wa Denmark akakipa chuo hati yenye mamlaka ya kutoa shahada.

Carey alikufa tarehe 9 Juni 1834, wala hakuona hata shahada moja ikitolewa kwa hati ile. Mwaka 1845 Denmark ikawauzia Waingereza mji wa Serampore, na katika mapatano yao hati ya chuo ikahifadhiwa. Mwaka 1883 masomo ya elimu ya dunia yakakoma, na wengi wangaliweza kudhani ya kuwa kazi imekwisha. Lakini mwanzoni mwa karne ya ishirini George Howells akakiamsha chuo, na mwaka 1915 shahada za kwanza za theolojia zikatolewa, yaani miaka 88 baada ya hati kutiwa sahihi. Siku hizi vyuo vingi vya theolojia vya Bara Hindi hupata shahada zao kwa Baraza la Serampore, na kati yao kimo chuo cha Walutheri cha Gurukul, katika mji wa Chennai.

Basi, mwalimu afundishaye watoto wachache, asiyeona bado matunda ya kazi yake, na aihesabu miaka ile 88, kisha afungue kitabu na kuendelea na somo lake.