Ramabai: Mama Aliyeongeza Watoto Wakati wa Njaa

Wiki hii nataka tumwangalie Pandita Ramabai wa India. Wengi wetu tumesikia jina lake kwa sababu ya uamsho wa Mukti wa 1905. Mimi naona huwa tunaianza hadithi yake katikati. Kabla ya uamsho kulikuwa na shule, na shule yenyewe ilikuwa imezungukwa na njaa.

Ramabai alizaliwa 1858. Baba yake, msomi wa Kihindu, alivunja desturi akamfundisha binti Kisanskriti. Njaa ya miaka ya 1870 ikamwachia kaka mmoja tu, wakazunguka India kwa miguu. Baadaye aliolewa, akafiwa na mume akiwa na mtoto mchanga, Manorama. Akabatizwa Uingereza 1883, na 1889 akafungua shule ya wajane Bombay, kisha akaihamishia Poona. Na wajane wenyewe wengine walikuwa watoto! Msichana anaozwa mdogo, mume akifa ati yeye ndiye mkosi. Wachache walipoanza kumwamini Yesu, wazazi wengi wakaja kuchukua binti zao.

Halafu ikaja njaa ya 1896. Wafadhili wa Marekani walikuwa wameahidi msaada wa miaka 10 tu, na hiyo miaka ilikuwa inaelekea kuisha. Mwenye kutegemea daftari la hesabu angefunga mlango. Mama huyu alisafiri mpaka mikoa ya kati, kwenye njaa yenyewe, akakusanya wasichana wapatao 300. Yeye njaa alikuwa anaijua, haikuwa habari ya kusimuliwa. Kumbe Poona nako tauni imeingia, na wakuu wa mji wakamkataza kuwaweka huko. Akawapeleka Kedgaon, kwenye shamba alilokuwa amenunua apande miti ya matunda ya kuisaidia shule. Majengo hayakuwa tayari, wakaanza hivyo hivyo. Mahali hapo akapaita Mukti, yaani wokovu.

Mwaka wa 1900 ukame ukapiga Gujarat, akachukua tena wengine. Sasa wakakaribia 2,000. Hebu piga hesabu ya chakula cha siku moja tu! Walichimba visima, wakalima, wakafuma nguo, wakakamua mafuta, wakaendesha mtambo wa kuchapa vitabu. Wakubwa walilea wadogo, na waliosoma wakawa walimu. Hata vipofu walifundishwa kusoma kwa vidole, na kazi hiyo aliianzisha Manorama. Ramabai aliomba kwa Mungu kila senti, lakini jembe nalo halikulala.

Mwanzoni mwa 1905 aliita watu wa kujitolea kuomba kila siku. Wakajitokeza kama 70, na kufikia Juni walikuwa zaidi ya 500. Hapo ndipo Roho alipowashukia wasichana hao, wale wale waliookotwa njaani. Mmishenari mwenzake, Minnie Abrams, aliandika kitabu juu ya mambo hayo, kikafika Chile, na 1909 Wapentekoste wa Chile wakawa na mwanzo wao.

Manorama alitangulia kufa, 1921. Mama yake alikuwa amezeeka na masikio yamekuwa mazito, lakini aliendelea na kazi aliyoishughulikia kwa miaka mingi, kutafsiri Biblia kwa Kimarathi cha watu wa kawaida. Aliimaliza, akalala Aprili 1922. Biblia hiyo ilichapwa pale pale Mukti, kwa mikono ya wanawake wa shule.