Avogadro: Mwanasheria aliyekufa kabla wanakemia hawajamkubali

Kama kemia ya sekondari ilikutesa, jina la Avogadro bado unalikumbuka. Ni yule wa namba ndefu, 6.022 mara 10 kwa kipeo cha 23. Ila jamaa mwenyewe hakuwahi kuihesabu namba hiyo, na wala hakuanza na sayansi.

Amedeo Avogadro alizaliwa Turin, Italia ya leo, Agosti 9, 1776, kwenye familia ya wanasheria. Akiwa na miaka 20 tu tayari alikuwa na udaktari wa sheria za Kanisa. Lakini moyo ulikuwa kwenye hesabu na fizikia. Mwaka 1809 akaanza kufundisha mjini Vercelli.

Miaka miwili baadaye akatoa wazo lake: gesi mbili zenye ujazo sawa, joto sawa na mgandamizo sawa, zina idadi sawa ya molekuli.

Kwa nini ilikuwa ishu? Kwa sababu John Dalton wa Uingereza alishasema maji ni atomi moja ya hidrojeni na moja ya oksijeni. Avogadro akaangalia vipimo: lita 2 za hidrojeni zinaungana na lita 1 ya oksijeni, unatoka mvuke lita 2. Basi molekuli ya oksijeni lazima igawanyike, yaani ina atomi mbili. Na maji ni H2O.

Wakubwa wa kemia hawakumsikiliza. Kwa karibu miaka 50 huyu alipata uzito wa maji 9, yule 18. Leo mwanafunzi anajumlisha tu: hidrojeni 1 mara 2, oksijeni 16, jibu gramu 18 kwa moli.

Turin walimpa uprofesa 1820, siasa za baada ya maasi ya 1821 zikamnyang'anya, akarudishwa 1834. Alifariki Julai 9, 1856.

Septemba 1860 wanakemia walikutana Karlsruhe, Ujerumani, wakibishana kuhusu uzito wa atomi. Mwitaliano Stanislao Cannizzaro akamtetea marehemu, na mwishoni kijitabu chake kikagawiwa. Kati ya waliokuwepo ni kijana Mrusi, Dmitri Mendeleev, ambaye 1869 alitoa jedwali lake la elementi.

Ile namba ndefu? Mfaransa Jean Perrin ndiye aliyeipa jina la Avogadro, 1909. Mwenyewe alikuwa kaburini miaka 53.