Queen Jane: Malkia wa benga aliyekataa kuitikia nyuma

Dereva anayetoka Nairobi kwenda Nyeri siku hizi hahangaiki kutafuta masafa kila akipanda kilima. Anaunganisha simu na redio ya gari, anafungua stesheni ya Kikuyu mtandaoni, basi. Thika, Makutano, Sagana, Karatina, hata akipitiliza hadi Nanyuki, ngoma ni ile ile mradi bando lipo. Na kabla hajafika Nyeri, kuna sauti moja ya kike ambayo ni vigumu kuikosa: Queen Jane.

Jina lake halisi ni Jane Nyambura. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1960 kule Kangema, Murang'a. Mwaka wa 1984 alijiunga na Mbiri Stars, bendi ya Simon Kihara, yule mashabiki wanamwita Musaimo.

Benga ilitoka kwa Waluo kule Nyanza, ikapanda hadi Mlima Kenya ikapata maneno ya Kikuyu. Lakini ilikuwa kazi ya wanaume. Wao ndio walioshika gitaa, wao ndio walioitwa viongozi wa bendi. Mwanamke aliitikia nyuma. Jane hakutaka kubaki huko. Akaunda bendi yake, Queenja Les Les, akawa bosi mwenyewe.

Na hakuimba vya kubembeleza tu. Nduraga Ngwetereire ni ya mtu anayemsubiri mpenzi, sawa. Ila Guka Nindarega ni moto: binti anamkataa mzee wa rika la babu yake. Sasa fikiria ngoma hiyo inapigwa kwa baa, na wazee wenyewe wamejaa mezani!

Alipoanza, mtangazaji alikuwa mmoja tu, Sauti ya Kenya, mali ya serikali. Mwanamuziki wa lugha ya mama alitegemea zaidi kaseti za River Road na matatu za kuzipiga. Ndipo mwaka wa 2000 Kameme FM ikaingia hewani, Inooro ikafuata, na benga ya Kikuyu ikawa inasikika mchana kutwa.

Queen Jane alifariki Juni 29, 2010, akiwa na miaka 45 hivi. Hakuishi kuona simu ikigeuka redio ya gari.

Hapo ndipo pana swali. Enzi za kaseti, wezi wa kunakili waliwatafuna wanamuziki. Leo mtu yeyote anaweza kupakia wimbo wa marehemu mtandaoni, ukasikilizwa na maelfu, na familia isione hata shilingi. Kwa hivyo ukimpenda Queen Jane, usiishie kuongeza sauti. Angalia nani kaupakia wimbo. Yule binti wa Kangema alipigania nafasi ya mbele jukwaani. Si haki arudishwe nyuma kwenye malipo.