Wangari Maathai na mikoko ya Funzi

Kila maji yakupwapo katika ghuba ya Funzi, mizizi ya mikoko hujitokeza matopeni, nami humkumbuka mwanamke aliyezaliwa mbali na bahari. Wangari Maathai alizaliwa kijijini Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Wengi humtaja kuwa mpanda miti, na wengine humtaja kuwa mpinzani wa serikali. Yote ni kweli. Hata hivyo, nadiriki kusema kwamba somo lake kubwa ni jingine: kumtaka maskini ailinde ardhi bure ni kumdhulumu yeye na ardhi yenyewe.

Alisomea Marekani, akahitimu Kansas mwaka 1964 na Pittsburgh mwaka 1966. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Angeweza kuishia katika ukumbi wa mihadhara, kama wengi wetu tulivyoishia.

Katikati ya miaka ya 1970 alianzisha kampuni ndogo, Envirocare, ili kuwapa watu wasio na kazi jijini Nairobi ajira ya kupanda miti. Miche yake aliitunza katika msitu wa Karura. Kampuni hiyo ilikosa fedha, ikafa. Naam, aliyekuja kusifiwa ulimwenguni kote alianza kwa biashara iliyofilisika.

Hakukata tamaa. Tarehe 5 Juni 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake, yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji. Hapo ndipo lilipozaliwa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Wanawake wa mashambani walilia kuni, maji na chakula. Yeye akawafundisha kuotesha miche. Kila mche ulioshika ardhini ulimletea mwenyewe malipo kidogo. Mche ukifa, hakuna malipo. Utaratibu huo mwepesi ulimfanya mama wa kijijini kuwa mlinzi na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, na kufikia mwaka 2004 miti ilikuwa imepita milioni 30.

Ardhi nayo aliilinda kwa mwili wake. Mwaka 1989 alipinga jumba la orofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru. Januari 1999 alipigwa mpaka kichwa kikatoka damu, alipokwenda kupanda miti katika Karura iliyokuwa ikinyakuliwa. Karura ile ile ya miche yake ya kwanza. Leo msitu huo ungalipo. Mwaka 2004 alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Alipofariki Septemba 2011, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, ili mti usikatwe kwa ajili yake.

Mimi ni mwanaisimu, na neno hifadhi hunifikirisha. Limetokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa hafidhi, yaani aliyeihifadhi Kurani moyoni. Hafidhi hasimamiwi na askari. Hukitunza alicho nacho kwa kuwa ni chake. Lakini huku pwani, mvuvi alisikiapo neno hifadhi, aghalabu huwaza marufuku: usikate boriti, usipite hapa.

Dawa haiko mbali. Pale Gazi, tangu mwaka 2013, wanakijiji kupitia mradi wa Mikoko Pamoja hulinda hekta 117 za mikoko na kuuza katika soko la dunia hesabu ya hewa ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo. Mapato yamekwenda katika maji na shule. Mkoko uliosimama umekuwa na thamani ambayo zamani ilipatikana kwa shoka tu.

Wenye mifuko, iwe ni serikali au mashirika ya hisani, wakija Funzi wasije na vibao vya marufuku pekee. Waje na mtaji wa mfuga nyuki, wa mama mwotesha mikoko, na wa kijana anayewatembeza wageni kwa mashua hadi mlango wa mto Ramisi. Kisha walipe kwa kilichoshika, wasilipe kwa kilichoahidiwa. Mchumia juani hulia kivulini. Lakini kivuli hakiwezi kuwapo iwapo mwenye njaa ameachiwa shoka peke yake.