George Catlin: Mchoraji Aliyewaombolezea Walio Hai

George Catlin alizaliwa tarehe 26 Julai 1796 mjini Wilkes-Barre, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Alisomea sheria, akawa wakili kwa muda mfupi, kisha akaiacha kazi hiyo na kushika brashi. Akiwa Philadelphia aliuona ujumbe wa wenyeji asilia waliotoka magharibi, nao wamevalia mavazi yao rasmi. Hapo akaazimia kuwachora watu hao kabla hawajatoweka. Azma hiyo ndiyo sifa yake. Kwa maoni yetu, ndiyo pia kasoro yake.

Mnamo 1832 aliabiri meli ya mvuke iliyoitwa Yellow Stone, akaukwea mto Missouri kutoka St. Louis hadi Fort Union, kituo cha biashara ya ngozi. Alipokuwa akirejea kwa mtumbwi alikaa kijijini kwa Wamandan. Huko alimchora Mato-Tope, kiongozi aliyesifika vitani. Aidha, alishuhudia Okipa, ibada ya siku nne ambamo vijana walitobolewa ngozi na kuning'inizwa kwa kamba. Wapo waliomwita mzushi kwa kuisimulia, ingawa wafanyabiashara waliokuwa naye walimthibitishia kwa maandishi.

Miaka mitano baadaye, ndui iliwavamia Wamandan. Kati ya watu wapatao 1,600, waliosalia wanakadiriwa kuwa chini ya 150. Mato-Tope naye alifariki. Katika kitabu chake cha 1841, Catlin alitangaza kuwa kabila zima lilikuwa limekwisha. La hasha! Wajukuu wa walionusurika wangalipo North Dakota hadi leo. Yamkini mtu aliyekwenda kuchora kutoweka hawezi kuwaona waliobaki.

Wakati huo alikuwa London na picha zake zaidi ya 500. Bunge la Marekani lilikataa kuzinunua, naye akageukia maonyesho ya kulipiwa, akiwachezesha ngoma wageni wa Kiojibwa na Kiiowa mbele ya watazamaji. Baadhi yao walipatwa na ndui wakafia Ulaya. Mkewe, Clara, alifariki Paris mwaka 1845.

Mnamo 1852 madeni yalimlemea. Tajiri Joseph Harrison alilipa wadai, akazichukua picha na kuzihifadhi katika kiwanda chake Philadelphia. Catlin akaanza kuzichora upya, mamia kwa mamia, akiwa mzee na kiziwi. Alifariki Jersey City tarehe 23 Desemba 1872. Mwaka 1879 mjane wa Harrison alizitoa zile za awali kwa taasisi ya Smithsonian, na sura ya Mato-Tope ni mojawapo.