Askofu Josiah Kibira: Mtu wa Ukoo na Mtu wa Kanisa

Wasomaji wetu, mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za maisha ya Askofu Josiah Mutabuzi Kibira. Jina lake lajulikana katika sharika zote za Buhaya, bali jambo alilolitafakari miaka mingi halijulikani sana. Jambo lenyewe ni hili: mtu ni wa nani? Je, ni wake mwenyewe, ama ni wa ukoo wake, ama ni wa ushirika mwingine ulio mkubwa kuliko ukoo? Sisi tukaao Ijumbi na nchi zilizo jirani hatuwezi kusema ya kuwa swali hilo ni la wataalamu peke yao. Latujia kila mara kibanja kinapogawanywa, posa inapopelekwa, na kaburi linapochimbwa.

Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1925 huko Kashenye katika nchi ya Kiziba, kando ya ziwa, karibu na mpaka wa Uganda. Wamisionari wa Betheli walikuwa wamefika Bukoba mwaka 1910. Lakini kabla yao walikuwako Wahaya waliopata kusoma kwa ajili ya ujirani na Uganda. Hivyo mtoto Josiah alikuta kanisa lingali changa, na ukoo ungali na nguvu zake zote.

Yafaa hapa tueleze kidogo ukoo ulivyo kwa Wahaya, maana wako vijana waliokulia mijini wasioufahamu tena. Oluganda ni watu wa babu mmoja wa kale, wenye muziro mmoja, yaani mnyama au kitu wasichokila. Kibanja chenye migomba na mibuni hakihesabiwi kuwa mali ya mtu mmoja tu. Amekipokea kwa wazee waliozikwa humo, naye imempasa kukiacha kwa watakaomfuata. Akimwuzia mgeni, ndugu wa ukoo wana haki ya kukikomboa. Akifanya neno la aibu, aibu ni ya wote. Akifiwa, haachwi alale peke yake msibani. Mambo haya ni mema, wala hatuoni haya kuyasifu. Lakini ushirika huo una ua. Aliye ndani ya ua ni ndugu. Aliye nje ni mgeni, hata akiwa jirani wa miaka arobaini.

Wazee wenyewe waliujua upungufu huo, ndiyo sababu walikuwa na desturi ya omukago. Tunda moja la mbuni huwa na punje mbili. Watu wawili wa koo mbali mbali waliotaka kuwa ndugu walijichanja karibu na kitovu, punje zikapakwa damu, na kila mmoja akaimeza ile yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo waliwajibiana kama wana wa mama mmoja, na kumsaliti rafiki wa omukago kulikuwa jambo la kutisha. Twaona basi ya kuwa watu wetu walikwisha kutafuta mlango wa kuutokea ule ua. Walakini mlango wenyewe ulikuwa damu, na uliwapitisha wawili wawili tu.

Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza huko Gahini katika Rwanda, ukaenea Uganda, hata ukafika Bukoba. Watu wake wakaitwa Walokole, yaani waliookoka, kwa neno la Kiganda. Mwaka 1947 Josiah Kibira, kijana wa miaka ishirini na miwili, akawa mmoja wao. Pengine msomaji wa leo hafahamu jinsi jambo hili lilivyokuwa zito. Mlokole alisimama mbele ya watu akataja dhambi zake kwa kinywa chake: wizi wake, uzinzi wake, uwongo wake. Kitu alichoiba alikirudisha mchana, watu wakimwona. Pombe aliikataa hata katika karamu za ukoo, na matambiko aliyaacha. Katika nchi ambayo mtu alizoea kusema sisi, Walokole walimtaka kila mmoja aseme mimi. Wazee wa koo walichukizwa sana, nasi hatuwalaumu wote. Mtu akizitangaza siri za nyumba yake barabarani, wa kwanza kuumia ni wale aliowataja pamoja naye.

Likafuata jambo la ajabu. Watu hao waliotoka mmoja mmoja katika ua wa ukoo hawakukaa mmoja mmoja. Walikutana mara kwa mara, wakaitana ndugu, wakasafiri mbali kutembeleana, wakapokeana nyumbani pasipo kuulizana muziro. Mtu wa Kiziba alipata ndugu Ihangiro, na Mhaya alipata ndugu Mnyarwanda. Huo ulikuwa ukoo mpya. Tena, kama ukoo wa kale, nao ulianza kujijengea ua: sisi tuliookoka, na ninyi msiookoka. Katika miaka ya 1950 wako waliojitenga kabisa na kanisa la Buhaya wakashika njia yao wenyewe. Kibira alikuwa Mlokole kwelikweli, lakini hakutoka pamoja nao. Alibaki katika usharika wa watu wote, pamoja na wavuguvugu, na wanywaji, na wazee waliowacheka Walokole. Kwetu sisi uamuzi huu wapita vyeo vyote alivyopata baadaye. Kuondoka katika kundi lisilokufaa si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kukaa humo bila kuyaficha uliyoyaamini.

Habari za masomo yake tutazipita upesi. Kuanzia mwaka 1957 alijifunza theolojia huko Bethel katika Ujerumani, na mwaka 1960 akabarikiwa kuwa mchungaji. Kisha alikwenda Boston katika Marekani, akapata shahada mwaka 1964 kwa kuandika juu ya Ukristo wa Wahaya. Mwaka ule ule akawekwa wakfu kuwa askofu, akishika mahali pa Mswidi Bengt Sundkler. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika uaskofu huo, akauchukua miaka ishirini, mpaka 1984. Kanisa la Buhaya lilikuwa limekwisha kuungana na mengine sita mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, ambalo baadaye liliitwa la Tanzania. Basi hata Wahaya kama kanisa walikuwa wamejifunza kutoka katika ua wao.

Mwaka 1974 kitabu chake kilichapwa kwa Kiingereza huko Lund katika Uswidi, na jina lake lataja mambo matatu: kanisa, ukoo, na ulimwengu. Katika kitabu hicho auchukua ushirika wa ukoo kuwa kitu cha kujifunza, wala si takataka za kipagani za kufagiliwa nje, kama walivyodhani baadhi ya wageni. Auliza jinsi kanisa liwezavyo kuwa ushirika wenye joto kama ule, pasipo kufungwa na damu. Wako waliofikiri kwamba Mkristo ni mtu aliyesimama peke yake na roho yake mbele ya Mungu, na wengine wakafikiri kwamba Mwafrika hana nafsi mbali na kabila lake. Yeye hakukubaliana na wale wala hawa, kwa kuwa alikuwa ameziishi hali zote mbili katika mwili wake.

Mwezi wa Juni 1977 Walutheri wa ulimwengu walikusanyika Dar es Salaam, mkutano wao mkuu wa kwanza katika Afrika, na neno kuu la mkutano lilikuwa juu ya ushirika mpya katika Kristo. Hapo Kibira akachaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, Mwafrika wa kwanza. Mkutano ule ulitangaza ya kuwa ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika wagusa ungamo lenyewe la imani, wala kanisa haliwezi kuuhesabu kuwa mambo ya siasa tu. Mtu wa Buhaya hakuhitaji kufafanuliwa sana. Kanisa la rangi moja ni ukoo uliojivika kanzu ya kanisa, nalo lina ua na muziro wake. Mwaka 1984, katika mkutano wa Budapest, makanisa mawili ya wazungu wa kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa ajili ya jambo hilo. Katika mkutano huo huo Kibira alimaliza kazi yake ya urais.

Miaka hiyo haikuwa ya raha nyumbani. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera ikatekwa na kuporwa, na watu wakakimbia. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu wetu, na baada ya muda si mrefu ukoo ukapewa mzigo wa yatima ambao haukupata kuuona kamwe.

Askofu Kibira alikufa mwezi wa Julai 1988, hali hajatimiza miaka sitini na mitatu. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua kesi ya mwanamke Mhaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Desturi ilimkataza kwa kuwa ni mwanamke. Mahakama ikasema haki yake ni sawa na ya mwanamume. Tungependa kujua Askofu angaliandika nini juu ya hukumu hiyo, kwa maana yagusa kibanja, na ukoo, na mtu mmoja asimamaye peke yake mbele ya wote.

Wainjilisti wajuao Kiingereza, mkipata kitabu chake, kisomeni pamoja na mzee mmoja wa ukoo ameketi karibu, mkimfasiria. Huenda akabisha mahali pengi. Mwacheni abishe.