Mnyampala na Ngonjera Iliyosahau Kujibu

Jioni ikiingia, penye vibanda vya Nyamuswa, vijana husimama duara. Mmoja hugonga mapigo kwa mdomo, na wawili hushindana kwa maneno ya vina mpaka kundi liamue nani kashinda. Wazee hupita wakitikisa vichwa. Wapo pia watumishi wa Serikali wanaouliza kibali cha mkusanyiko kiko wapi, na wapo wanaosema kuwa muziki huu wa kufokafoka umetoka Marekani na hauna mzizi katika nchi hii. Kabla hatujaafikiana nao, tunaona inafaa tumkumbuke marehemu Mathias Mnyampala, mtu ambaye watumishi wa Serikali hawawezi kumkana, kwa sababu alikuwa mmoja wao.

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu na Dodoma, katika watu wa Kigogo. Alichunga mifugo utotoni, akasomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, akawa mwalimu. Baadaye aliingia katika utawala wa wenyeji: akawa karani wa kodi, kisha liwali, na mwishowe hakimu. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, kama kisivyokuwa lugha ya mama kwa Mwikizu, Mzanaki, Mjita au Mkerewe. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Katika zama zake wengi walidhani kuwa ushairi wa Kiswahili ni mali ya watu wa pwani peke yao, na mtu wa bara akithubutu kuandika beti huchekwa kwa mizani yake. Mnyampala hakungoja kuruhusiwa. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Mwaka 1963 ikatoka Diwani yake, na utenzi uliosimulia Injili yote kwa mtindo ambao washairi wa Kiislamu wa pwani walikuwa wameutumia kwa karne nyingi. Mwaka 1965 akatoa Waadhi wa Ushairi. Mgogo akawa anawafundisha watu kanuni za vina na mizani, na watu wakasikiliza.

Sisi tuliokaa juu ya mkeka wa chuo, tukajifunza alifu na bee kwa kuimba huku vichwa vikiyumba, twaelewa upesi kwa nini kanuni zile zilimvuta. Neno lenye pigo hukaa kichwani hata kabla maana yake haijafika. Mwalimu wetu wa chuo alilijua hilo, na mpigaji litungu wa Kikurya alilijua bila kufundishwa chuoni. Huko visiwani, mpigaji nanga wa Ukerewe, aliyekuwa akiimba barazani kwa Omukama, alilijua pia.

Mnyampala alikuja kuwa mwenyekiti wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Azimio la Arusha likatangazwa mwaka 1967, na mwaka 1968 Mwalimu Nyerere akakutana na washairi, akawaomba walieneze kwa wananchi kwa njia ya sanaa yao. Mwalimu alijua anaomba nini. Mtoto huyu wa Butiama, jirani zetu, alikuwa mwenyewe mtunzi wa beti, na tayari mwaka 1963 alikwisha kumfasiri Shakespeare kwa Kiswahili. Mnyampala alimjibu kwa ngonjera.

Ngonjera ni shairi lililoinuliwa kutoka kwenye karatasi likasimamishwa jukwaani. Mmoja huuliza au hubisha, mwingine hujibu, ubeti kwa ubeti, kwa vina vilivyopangwa na kwa ishara za mikono. Mtu asiyejua kusoma akaweza kuufuata mjadala wa siasa ya nchi. Mtoto wa darasa la tano akaweza kusimama mbele ya kijiji kizima akasema jambo zito bila kuonekana mtovu wa adabu. Katika miaka michache shule nyingi za Tanzania zikawa na kundi la ngonjera. Mwenyewe hakuyaona yote hayo. Alifariki dunia tarehe 8 Juni 1969, akiwa na umri wa miaka 51, na vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vikachapishwa baada yake, mwaka 1970 na 1971.

Hata hivyo ngonjera ilizaliwa na kilema. Ndani yake mwenye kubisha alikuwa lazima ashindwe. Asiyejua huelimishwa, mkaidi husadiki, na wote wawili humaliza kwa sauti moja. Malumbano ya kale hayakuwa hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alirusha beti zake kwa watu wa Lamu huku akijua kuwa watajibu, na hakuna aliyempangia mwisho. Hatumlaumu Mnyampala. Nchi ilikuwa changa, kazi ilikuwa kueleza siasa mpya, na hakimu aliyezoea kutoa hukumu si ajabu akitaka kila shauri liishe. Lawama ni yetu sisi tuliokuja baada yake.

Maana tulifanyaje? Tuliichukua ngonjera tukaigeuza kuwa pambio la kupokea wageni. Sisi wenyewe, tulipokuwa wanafunzi katika wilaya hizi, tulisimamishwa juani tangu asubuhi tukimngoja mgeni wa heshima aliyefika alasiri. Beti tulizokariri alizitunga mtu mzima. Zilimshukuru mgeni kwa kisima ambacho hakikuwa kimechimbwa. Mwenzetu mmoja aliyeongeza ubeti wake mwenyewe, akauliza maji yako wapi, alirudishwa mstarini kwa fimbo. Mgeni hakuambiwa lolote. Nasi tulipokua tukapata dhamana katika Chama, tuliwapanga watoto wengine katika mistari ileile.

Wakati tukifanya hayo, upande wa pili wa dunia neno lenye pigo lilikuwa limekwisha kupata njia nyingine. Tarehe 11 Agosti 1973, katika mtaa wa Bronx, mjini New York, kijana mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell, aliyejulikana kwa jina la Kool Herc, alipiga santuri katika sherehe ambayo dada yake aliiandaa ili apate fedha za nguo za shule. Alirefusha kipande cha ngoma kwa kutumia santuri mbili, na juu ya pigo hilo maneno yakasemwa kuwachangamsha wachezaji, kama walivyozoea wapigaji muziki wa kwao Jamaika. Kutokana na sherehe za namna hiyo vijana weusi na wa Kilatini, katika mitaa iliyotelekezwa, walijenga mashindano ya vina ambayo hakuna mkubwa aliyewaandikia. Mashua iliyowapeleka babu zao huko ilipakia watu wa Afrika, kwa hiyo tusistaajabu sana tukisikia humo kitu tunachokifahamu.

Mwaka 1991 Saleh Jabir alishinda mashindano ya Dar es Salaam kwa kuutia Kiswahili wimbo wa Kimarekani. Baada yake walikuja waliotunga ya kwao wenyewe, wakiwamo Joseph Mbilinyi, ambaye mwaka 2010 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini, ingawa hakuchaguliwa kwa tiketi ya Chama chetu, na Joseph Haule, yaani Profesa Jay. Wimbo wa Haule wa mwaka 2001, Ndiyo Mzee, tungependa kila ofisa ausikilize kwa makini. Humo mwanasiasa huahidi mambo yasiyowezekana na umati humwitikia kila mara kwa kukubali. Umbo lake ni ngonjera tupu, msemaji na waitikiaji, ila kijana aliyeitunga alikuwa akituonyesha sisi tulivyoiharibu. Tulicheka wakati ule, wengine wetu bila kujua tunachekwa.

Tawasifu ya Mnyampala, Maisha ni Kugharimia, ilikaa bila kuchapishwa hadi mwaka 2013, miaka 44 baada ya kifo chake. Mwenyezi Mungu amrehemu. Tungefurahi nakala zake zikionekana katika maktaba za shule za Bunda, Butiama na Musoma, na zikavuka maji mpaka Rukuba, Ukara na Ukerewe, ambako mtoto husubiri kitabu kama anavyosubiri mashua.

Kwa maofisa utamaduni na maofisa elimu tuna ombi moja. Ratiba za mapokezi zitakapopangwa tena, wapeni watoto mada na dakika kumi. Ubeti wa kwanza mwalimu anaweza kuusaidia. Ubeti wa mwisho waachieni waandike wenyewe, na mgeni akae kitini mpaka waumalize. Na wale vijana wa pale vibandani Nyamuswa, mkipita jioni na gari la ofisi, msimamishe gari mwasikilize kabla ya kuwauliza kibali.